Saa za jua na mionzi yake: modeli ipi inaufaa mji wako?

Vituo vingi vya hali ya hewa vina kumbukumbu za saa za jua za miaka mingi, lakini havina piranomita, yaani chombo kinachopima nguvu ya mionzi ya jua inayofika ardhini. Mwenye mradi wa paneli za sola au wa umwagiliaji anataka megajuli kwa mita ya mraba. Kituo kinaweza kumwambia tu kwamba jua liliwaka kwa jumla ya saa 6.5 siku ile, basi. Kumtoa kwenye namba ya pili na kumfikisha kwenye ya kwanza ndiyo kazi ya modeli za saa za jua, na zimechapishwa nyingi mno. Anayezikuta kwa mara ya kwanza hajui aanzie wapi.

Niseme msimamo wangu mapema. Watu hupoteza muda mwingi wakibishania umbo la mlinganyo: mstari mnyoofu, kipeo cha pili, kipeo cha tatu, logi. Hawaulizi vya kutosha namba zilizomo ndani ya mlinganyo zilitoka wapi, wala saa zenyewe za jua zilipimwaje. Kwa mji mmoja, hayo mawili ndiyo yanayoamua.

Mlinganyo mama

Mwaka 1924, Anders Ångström alitumia vipimo vya Stockholm kuonyesha kwamba mionzi ya siku yoyote inaweza kulinganishwa na mionzi ya siku isiyo na wingu. Alipata kwamba uwiano huo ni 0.25 + 0.75 × S, ambapo S ni saa za jua zilizopimwa zikigawanywa kwa urefu wa mchana. Wazo zuri, ila lina kikwazo: hiyo siku isiyo na wingu hata moja unaipata wapi? Kuna miji ambayo miezi inapita bila kuiona.

Mwaka 1940 Prescott alikiruka kikwazo hicho. Badala ya siku angavu, alilinganisha na mionzi inayofika juu ya angahewa, H0, ambayo haihitaji chombo chochote. Inakokotolewa kwa latitudo na tarehe tu. Mlinganyo ukawa hivi, H ikiwa mionzi inayofika ardhini:

H / H0 = a + b × S

Karibu modeli zote zinazofuata ni ndugu wa huu. Kabla hujaendelea, shika maana ya vizigeu vyake viwili. Namba a ni sehemu ya mionzi inayopenya siku ambayo jua halikuonekana kabisa. Jumla ya a na b ni sehemu inayofika siku ambayo jua limewaka tangu kuchomoza hadi kuzama. Modeli yoyote utakayoletewa, weka S sawa na 0, kisha S sawa na 1, uone inasema nini. Ni jaribio la dakika moja, na huwaumbua wengi.

Mfano wa kukokotoa

Tuchukue mji wowote ulio nyuzi 6 kusini mwa ikweta, tarehe 15 Aprili. Sikuichagua tarehe hiyo ovyo. Klein alipendekeza mwaka 1977 kwamba kila mwezi uwakilishwe na siku moja ambayo H0 yake iko karibu na wastani wa mwezi mzima, na kwa Aprili siku hiyo ni tarehe 15. Ni siku ya 105 ya mwaka. Mwinamo wa jua, yaani pembe yake kutoka ikweta, siku hiyo ni nyuzi 9.4 kaskazini, mchana una urefu wa saa 11.87, na H0 inatoka 35.6 megajuli kwa mita ya mraba kwa siku, kwa kutumia kiwango cha jua, yaani nguvu ya mionzi juu ya angahewa, cha wati 1367 kwa mita ya mraba.

Sasa weka S tatu tofauti: siku ya mawingu mazito (0.1), siku ya kati (0.5, yaani kama saa 5.9 za jua), na siku nyeupe (0.9). Majibu haya ni megajuli kwa mita ya mraba; kila modeli ina jina la waliyoitoa, na FAO ni Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa:

| Modeli | Umbo | S = 0.1 | S = 0.5 | S = 0.9 |
|---|---|---|---|---|
| FAO | 0.25 + 0.50S | 10.7 | 17.8 | 24.9 |
| Page | 0.23 + 0.48S | 9.9 | 16.7 | 23.6 |
| Rietveld | 0.18 + 0.62S | 8.6 | 17.4 | 26.3 |
| Glover na McCulloch | 0.29 × kosaini ya latitudo + 0.52S | 12.1 | 19.5 | 26.9 |
| Akınoğlu na Ecevit | 0.145 + 0.845S − 0.280S² | 8.1 | 17.7 | 24.2 |
| Bahel na wenzake | 0.16 + 0.87S − 0.61S² + 0.349S³ | 8.6 | 17.3 | 25.0 |
| Samuel | −0.14 + 2.52S − 3.71S² + 2.24S³ | 2.7 | 16.8 | 26.9 |
| Almorox na Hontoria | −0.0271 + 0.3096e^S | 11.2 | 17.2 | 26.1 |

Itazame safu ya katikati kwanza. Ukimwondoa Glover, modeli saba zenye maumbo manne tofauti zinapishana kwa megajuli 1.1 tu. Mstari mnyoofu wa Rietveld na mkunjo wa Bahel vinatofautiana kwa megajuli 0.1, tofauti ambayo hakuna fundi wa sola atakayeihisi. Ndiyo maana mtu akisema modeli yake ni bora kwa sababu ina kipeo cha tatu, na mji wake una S inayozunguka 0.5 mwaka mzima, mimi huwa sishawishiki.

Ugomvi uko pembeni. Siku ya mawingu mazito Samuel anatoa megajuli 2.7 na Glover 12.1, yaani zaidi ya mara nne. Na ukifanya lile jaribio la S sawa na 0, modeli ya Samuel inakujibu hasi: anga inanyonya nishati kutoka ardhini! Hilo halimfanyi Samuel kuwa mwanasayansi mbovu. Alitengeneza mlinganyo wake mwaka 1991 kwa ajili ya Sri Lanka, kwa wastani wa miezi, na wastani wa mwezi hauteremki hadi sifuri. Kosa ni la anayeuchukua mlinganyo huo na kuutumia kwa data za siku moja moja katika mji mwingine.

Modeli za kuazima: nani wa kuaminiwa?

Hapa nazungumzia hali ya kawaida zaidi, ambapo mji hauna kipimo cha mionzi hata cha mwaka mmoja, na huna budi kuazima vizigeu.

Namba za FAO, 0.25 na 0.50, zimo katika mwongozo wake wa mwaka 1998 wa kukokotoa mahitaji ya maji ya mazao, na FAO yenyewe inazitoa kwa mahali ambapo hakuna vizigeu vilivyotafutwa papo hapo. Nguvu yake ni kwamba haitoi jibu la kichekesho popote: robo ya mionzi wakati wa mawingu, robo tatu wakati wa jua. Kwa kupima maji ya shamba inatosha. Page, wa mwaka 1961, ni mwenye tahadhari kuliko wote upande wa jua kali, na mtu anayepanga mfumo wa betri ambao haupaswi kuzima anaweza kumpenda kwa sababu hiyo hiyo. Akipunja, amepunja upande salama.

Rietveld ana historia ya kufurahisha. Mwaka 1978 alikusanya vizigeu vilivyokuwa vimechapishwa na wengine, akaona kwamba a na b hubadilika kadiri S ya mahali inavyobadilika: a = 0.10 + 0.24S, na b = 0.38 + 0.08/S. Zinaonekana ngumu, lakini ziingize kwenye mlinganyo mama uone. Ile 0.08/S ikizidishwa kwa S inabaki 0.08, kila kitu kinajumlishana, na unarudi kwenye mstari mnyoofu: 0.18 + 0.62S. Utata wote ule ukayeyuka. Kwa maoni yangu ndiye wa kuanza naye katika miji yenye mawingu mengi, kwa sababu a yake ndogo haitoi ahadi kubwa siku za giza.

Glover na McCulloch, 1958, waliingiza latitudo kupitia kosaini, na walisema mlinganyo wao utumike chini ya nyuzi 60. Karibu na ikweta kosaini ni karibu 1, hivyo a inakuwa 0.29, kubwa kuliko za wenzao. Ndiyo sababu namba zao kwenye jedwali ni kubwa. Panga paneli kwa megajuli 19.5 wakati ukweli ni 16.7 na utakuwa umekadiria nishati kwa asilimia 17 zaidi ya iliyopo. Mnunuzi ataligundua hilo msimu wa mvua.

Gopinathan, 1988, alikwenda mbali zaidi: vizigeu vyake vinategemea latitudo, mwinuko kutoka usawa wa bahari kwa kilomita, na S yenyewe. Kwa mji wa milimani inavutia, kwani hewa nyembamba huachia mionzi zaidi. Lakini ichunguze kidogo. Katika a, kila kilomita ya mwinuko inapunguza 0.0693, katika b inaongeza 0.0926, ambayo inazidishwa kwa S. Maana yake, mwinuko unaongeza mionzi kwenye modeli hii pale tu S inapozidi 0.75. Chini ya hapo unapunguza! Mji wa juu mlimani wenye mawingu ya kila alasiri utapewa mionzi kidogo kuliko mji wa pwani wenye S ileile. Pengine ndivyo ilivyo kwenye mji wako, pengine sivyo, lakini usidhani kwamba kuweka mwinuko kumekuongezea usahihi bila kulijua hilo.

Mikunjo: inasaidia lini?

Kipeo cha pili kina hoja ya kifizikia. Wakati wa mawingu mengi, kupungua kidogo kwa wingu kunaongeza mionzi kwa kasi. Jua likishakuwa kali, ongezeko linapungua. Mkunjo wa Akınoğlu na Ecevit, wa mwaka 1990, unaonyesha hivyo, na kwa mji wenye misimu miwili iliyoachana sana, mmoja wa mvua nzito na mmoja mkavu, naukubali.

Kipeo cha tatu sikipendi kwa mji mmoja. Kinapotokana na vituo vingi ni jambo jingine: Bahel na wenzake, mwaka 1987, walitumia vituo 48 vya sehemu mbalimbali za dunia, na matokeo yake ni mkunjo mtulivu usiofanya vituko pembeni. Kwa kituo kimoja chenye wastani wa miezi 12, hata hivyo, unatafuta vizigeu vinne kwa nukta kumi na mbili, tena nukta zilizosongamana, tuseme, kati ya S ya 0.45 na 0.70. Ndani ya hapo mkunjo utapendeza. Nje ya hapo unakwenda unakotaka.

Almorox na Hontoria walipima maumbo haya kwa vituo 16 vya Hispania na kuchapisha mwaka 2004. Kipeo cha tatu kilitoka kifua mbele kwa namba, lakini wao wenyewe walipendekeza mstari mnyoofu kwa wepesi na upana wa matumizi yake. Waliona pia kwamba kugawanya data kwa misimu hakukuleta nafuu ya maana. Modeli yao ya eksponenti iliyo kwenye jedwali ina vizigeu viwili tu, na hiyo ni sifa. Ubaya wake ni kwamba mkunjo wake unapinda kinyume: unaongeza kasi jua linapozidi. Siku za mawingu inatoa 11.2, juu ya FAO. Kwa anga kavu haina neno, kwa anga ya mvua nyingi ningeikwepa.

Modeli za logi nazipita haraka. Logi ya sifuri haipo. Siku moja tu isiyo na jua kwenye data zako, na programu inakurudishia kosa badala ya namba.

Kabla ya modeli, kuna kipimo

Rudi kwenye mji wetu wa nyuzi 6. Tuseme mwangalizi wa kituo amekosea saa za jua kwa nusu saa. S imepotoka kwa 0.042, na kwa namba za FAO mionzi imepotoka kwa megajuli 0.75. Sasa linganisha na jedwali: FAO na Bahel, kwenye safu ya katikati, wanatofautiana kwa 0.5. Kwa hiyo nusu saa ya kosa kwenye daftari ina uzito kuliko kuchagua kati ya modeli hizo mbili.

Na nusu saa hupotea kirahisi. Kipimo cha zamani cha Campbell na Stokes ni tufe la kioo linalokusanya miale na kuunguza mstari kwenye kadi. Asubuhi yenye umande kadi imelowa, jua liko chini na halina nguvu ya kuunguza, na dakika za mwanzo zinapotea. Mchana wa mawingu yanayopitapita hutokea kinyume: kila jua linapochomoza kwa sekunde chache linaacha tundu pana, na msomaji wa kadi anahesabu zaidi ya kilichokuwepo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliweka kizingiti kwamba jua lihesabiwe kuwa linawaka pale mionzi ya moja kwa moja inapozidi wati 120 kwa mita ya mraba, na vipimo vya kielektroniki hufuata hicho. Kadi zenyewe huanza kuungua popote kati ya wati 70 na 280, kutegemea unyevu. Kama kituo chako kilibadilisha kifaa katikati ya miaka, una data za vyombo viwili tofauti zilizovaa jina moja. Tafuta tarehe ya mabadiliko kabla ya kutafuta a na b.

Mjini kuna tatizo la ziada, nalo ni moshi na vumbi. Ukungu wa moshi hupunguza mionzi, lakini jua bado linavuka wati 120, hivyo saa zinahesabiwa kamili. Modeli haioni tofauti. Mji wenye hewa chafu utakuwa na b ndogo kuliko ile ya kituo cha uwanja wa ndege kilicho nje ya mji, hata kama saa za jua zinalingana. Majengo marefu nayo hukata jua la asubuhi na jioni kwenye chombo, ilhali urefu wa mchana unaotumia kwenye mlinganyo unadhani upeo wa macho uko wazi. S inashuka bila wingu lolote kuwepo.

Kupima modeli bila kujidanganya

Ukiwa na mionzi iliyopimwa hata ya miaka miwili au mitatu, tafuta a na b zako mwenyewe. Tumia sehemu ya miaka kupata vizigeu, na iliyobaki kupima. Ukitumia data zilezile kwa kazi zote mbili, mwenye vizigeu vingi atashinda daima, na ushindi huo hauna maana.

Angalia namba mbili. Wastani wa makosa unaonyesha kama modeli inapendelea juu au chini, lakini unaweza kuwa sifuri wakati Januari imezidi kwa megajuli 3 na Julai imepungua kwa 3. Mzizi wa wastani wa miraba ya makosa haukubali kufichwa hivyo. Stone alipendekeza mwaka 1993 kipimo cha t kinachounganisha hizo mbili, na ni kizuri kwa kuona kama tofauti kati ya makadirio ya modeli na vipimo ni ya kweli. Ile R², namba inayoonyesha jinsi makadirio na vipimo vinavyopanda na kushuka pamoja, ambayo kila ripoti huitanguliza, siipi uzito: modeli inayokosea kwa asilimia 15 kila mwezi, kwa kiwango kilekile, inaweza kuwa na R² ya kupendeza.

Kwa hali yako

Una saa za jua tu, na mji una mawingu mengi: anza na Rietveld, kisha fanya hesabu hiyohiyo kwa Page. Nafasi kati ya majibu hayo mawili ndiyo kiasi cha shaka ulichonacho, na mpe mteja namba zote mbili. Mji mkavu wenye S ya juu: FAO, na uangalie kama vumbi la msimu linakupunja. Una kituo jirani chenye piranomita, kwenye mwinuko unaofanana na hali ya hewa inayofanana: achana na modeli za kimataifa, chukua vizigeu vya hapo, mstari mnyoofu. Una piranomita mjini penyewe kwa miaka kadhaa: mstari mnyoofu wako mwenyewe kwanza, kipeo cha pili baadaye, na uhamie kwenye hicho tu iwapo kosa limeshuka kwa miaka uliyoiweka pembeni kwa ajili ya kupima.

Kwa data za siku moja moja badala ya wastani wa mwezi, kumbuka kwamba vizigeu vingi hapo juu vilitokana na wastani wa miezi. Siku mbili zenye S ya 0.5 zinaweza kuachana sana: moja ilikuwa na jua la asubuhi hadi saa sita, mawingu alasiri, nyingine ilikuwa na wingu jepesi lililopasuka adhuhuri, jua likiwa utosini. Saa ni zilezile, nishati sivyo. Kama mradi wako unahitaji siku na si mwezi, fedha ya kununua piranomita itakufaa kuliko modeli ya tisa.